Cheti cha Injini Mahututi

"Pumua," alisema fundi cherehani.

Daktari wa Injini akapumua, na kitambi alichokuwa amekibana tangu mlangoni kikatoka mafichoni.

"Inchi arobaini na mbili. Wewe ulisema thelathini na nane."

"Andika thelathini na nane. Kitambi kitafuata maandishi."

Suti ilikuwa ya rangi ya maziwa. Fundi cherehani, kamba ya kupimia shingoni na pini mdomoni, aliuliza kwa upole ni harusi ya nani.

"Si harusi. Namkabidhi baba mkwe gari. Ukoo mzima utakuwepo."

"Hongera! Gari gani?"

"Hilo ndilo bado nalitafuta."

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja, kama mtu anayetaka kusema jambo zito. "Daktari, Mungu hamtupi mja wake. Dada yangu kaachiwa gari na marehemu mumewe. Linalala uani, limefunikwa turubai. Anataka kuuza, lakini mwenyewe hajui hata tangi la mafuta liko upande gani."

Masikio ya Daktari yakasimama. Wapo watu wanaofurahishwa na ngoma, wapo wanaofurahishwa na kinanda. Yeye hakuwahi kusikia wimbo mtamu kama "hajui hata tangi liko upande gani." Siku ile alipimwa kiuno, bega na urefu wa mguu. Kwamba alikuwa anapimwa hata kichwa, hakujua.

Tumtambulishe vizuri bwana huyu, maana mwenyewe alipenda sana kutambulishwa. Udaktari wake aliupata kwa kuosha vipuri kwenye petroli katika gereji ya mtu kwa miaka miwili. Alitoka pale na mambo matatu: harufu ya petroli, majina ya vipuri, na uhakika kwamba mwenye gari akiambiwa "ringi" huacha kuuliza maswali. Kliniki yake ilikuwa ukuta wa nyumba ya watu kando ya barabara, benchi moja, na kopo la rangi lenye spana tano. Shingoni alining'iniza kile kipimo ambacho madaktari wa watu husikilizia moyo. Mfukoni alikuwa na muhuri wa mpira ulioandikwa KLINIKI YA INJINI, na kando ya muhuri, kichupa cha dawa ya kikohozi.

Ndani ya kichupa hamkuwa na dawa ya kikohozi. Mlikuwa na oili.

Tiba yake ilikuwa nyepesi. Anakuja kwenye gari zima la mtu anayetaka kuuza. Anasikiliza injini, anatikisa kichwa, anamtuma mwenyewe maji ya kunawa. Mwenyewe akigeuka, Daktari anachomoa mpira wa hewa, anaimiminia injini kichupa, anarudisha mpira. Mwenyewe akirudi na maji, gari linatoa moshi wa buluu kama tanuri la matofali. Kinachofuata ni machozi, halafu bei ya kutupa, na Daktari anaondoka na gari zima ambalo moshi wake utaisha kabla hajafika kona ya tatu.

Fundi cherehani mwenyewe aliwahi kutibiwa hivyo. Aliuza gari lake kwa bei ya pikipiki kuukuu na akamshukuru Daktari kwa mikono miwili. Tangu hapo alimshonea kwa bei ya undugu. Daktari alimpenda mno. Hakuna mteja mtamu kama yule uliyemwibia akakuombea dua.

Lakini safari hii haikuwa ya kujaza tumbo tu. Baba mkwe, muuza saruji mwenye duka kubwa na maneno machache, alikuwa hajawahi kumwita mkwe tangu ndoa ifungwe. Miaka saba alimwita "huyu." Mwambieni huyu asogee. Huyu ameshakula? Wiki iliyopita alimwita dukani, akamkabidhi bahasha.

"Wewe si unasema ni fundi? Ninunulie gari. Likiwa zima, lile banda langu la nyuma, lenye bati na sakafu, ni lako. Fungua gereji kama wanaume wenzako. Likiwa bovu..." Akaimalizia sentensi kwa macho.

Nyumbani mkewe alimwonya. "Nakuomba, baba usimfanyie udaktari wako."

"Mke wangu, umenionaje? Baba atapata gari zima kabisa. Udaktari nitamfanyia mwenye gari."

Mkewe akaendelea kufua.

*

Dada wa fundi cherehani alikuwa mama mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari? Mbona huna koti jeupe?"

"Wagonjwa wangu wanachafua, mama."

Mama akacheka mpaka miwani ikashuka puani. Wakalivua gari turubai. Lilikuwa gari la zamani, la kijani kilichochoka, lakini viti vyake vilikuwa havijachanika hata mahali pamoja, na milango yake ilifunga kwa sauti ya kabati la tajiri. Daktari akameza mate.

"Kaka yangu kaniambia kuna kijiti cha oili," mama alisema. "Ni hiki?" Akakichomoa, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha mpaka mwisho, akakichomoa tena, ndipo akampa.

Mtu mwingine angejiuliza huyu mama asiyejua tangi liko wapi alijifunzia wapi kwamba kijiti husomwa mara ya pili. Daktari hakujiuliza. Alikuwa anatazama viti.

Oili ilikuwa imefika kwenye alama ya juu, safi, nzito kama asali. Vizuri mno. Gari linalokula oili halishibi hivi. Akawasha. Injini ikaunguruma taratibu kama mzee anayesali. Akaenda nyuma, akakinga leso nyeupe kwenye bomba la moshi. Leso ikabaki nyeupe. Moyo wake ukapiga vigelegele. Uso wake ukafiwa.

Akavaa kipimo masikioni, akakigusisha kwenye injini, akafumba macho.

"Vipi, mwanangu? Linapumua?"

"Mama," alisema kwa sauti ya mtu anayetafuta jamaa wa karibu wa marehemu, "naomba maji ya kunawa."

Mama akaingia ndani. Pazia la dirisha la jikoni lilicheza kidogo, lakini pazia huchezeshwa na upepo pia. Daktari akachomoa mpira wa hewa, akamimina nusu ya kichupa. Kisha, kwa heshima ya vile viti, akamimina na nusu iliyobaki.

Mama alipotokea na beseni, uani hapakuonekana ukuta wala kamba ya nguo. Moshi wa buluu ulikuwa umetanda kotekote.

"Jamani! Linaungua?"

"Haliungui, mama. Linakata roho." Akazima injini. "Ringi, zile pete za pistoni, zimekwisha. Oili inapanda kwenye silinda, inaungua pamoja na petroli. Ukiona moshi mweusi, ni mafuta yamezidi. Mweupe, ni maji. Lakini buluu! Buluu ni oili, na oili ni damu ya gari."

Hapo tumpe haki yake: hayo aliyosema yote yalikuwa kweli. Tapeli mzuri hasemi uongo mwingi. Anasema ukweli mwingi, halafu anauelekeza kwenye gari lisilohusika.

"Na dawa yake?"

Daktari akakaa kwenye ngazi, akaanza kuhesabu vidole kwa uchungu. "Kushusha injini. Kuchonga silinda. Pistoni mpya, maana silinda ikishachongwa hazienei tena. Ringi. Gasketi zote. Sili za valvu. Oili mpya. Na ufundi, ingawa wewe ni mama yangu." Akataja jumla. Ilikuwa bei ya kiwanja. "Tena hapo ni kwa bahati nzuri."

"Na nikiacha hivi hivi?"

"Litakula oili kama mgeni asiyejua kuaga."

Mama akashika kichwa. "Kumbe ndiyo maana! Marehemu alikuwa kila wiki anaongeza oili, mie nikidhani ni mapenzi yake tu."

Daktari akainamisha uso kuficha tabasamu. Hii ndiyo kanuni aliyoiamini kuliko zote: mgonjwa akishatajiwa ugonjwa, hukumbuka dalili.

"Na plagi, mwanangu, zikitolewa ni nyeusi tititi, zimeloa."

"Enhe."

"Na tukipanda mlima, walio nyuma yetu wanapiga honi, wanatutukana."

"Dalili zenyewe hizo, mama."

"Hata gereji mbili zimewahi kusema haya haya unayosema wewe. Nikawaona waongo."

"Mafundi wengi waongo," Daktari alikubali. "Lakini siku moja moja hubahatisha."

Kadiri mama alivyosema, ndivyo Daktari alivyomhurumia kwa ujinga wake. Ameona leso nyeupe kwa macho yake, lakini ameukumbatia ugonjwa kana kwamba ni wa urithi!

"Hebu basi tulizungushe mtaani mara moja," mama alisema. "Labda likitembea litapata nafuu."

"Hapana!" Daktari aliruka. Dozi ikiishia njiani, mama ataona gari zima. Aliyekwisha kutangaza msiba hawezi tena kumkimbiza maiti. "Usilisumbue, mama. Liache lipumzike. Mimi nitalichukua, nifungue vipuri viwili vitatu. Nitakupa..." Akataja bei ya cherehani mbili.

"Ongeza kidogo, mwanangu. Mwenzio mjane."

Akaongeza kidogo. Mama akapandisha kidogo. Akaongeza tena, maana viti vilikuwa vinamwita. Wakafika kwenye bei ambayo, akiitaja maradufu kwa baba mkwe, ingelipa suti, viatu na kofia.

"Ila kaka yangu ana maneno," mama alisema. "Atasema nimeuza gari zima kwa bei ya takataka. Huwezi kuniandikia chochote, mwanangu? Wewe ni mtu wa muhuri."

Kuna watu ukitaka kuwanasa huwekei chambo cha nyama. Unawaomba sahihi. Daktari akanyoosha karatasi juu ya boneti, akaandika kwa herufi za kuning'inia: Nimelipima gari hili. Injini mahututi. Linakula oili. Ringi, pistoni na sili za valvu zimekwisha. Gharama za matengenezo ni kiasi hiki. Akapiga muhuri mara mbili.

"Ongeza hapo chini kwamba umelinunua hivyo hivyo, unajua hali yake. Kaka yangu yule, mwanangu, humjui."

Akaongeza. Akaandika na bei, akasaini kwa mkia mrefu uliozunguka mpaka pembeni ya karatasi.

*

Kona ya kwanza, kioo cha nyuma kilionyesha moshi. Daktari akatabasamu: dawa yake hiyo, inamalizika. Kona ya tatu, bado. Kona ya sita, barabara yote iliyokuwa nyuma yake ilikuwa imefutika, na mwenye mkokoteni alimtakia mabaya yeye na waliomzaa.

"Nimezidisha dozi," Daktari alijiambia.

Alifika kwake, akalipaki. Asubuhi akaliwasha, likaunguruma mpaka likachemka, kisha likatema wingu lililopaka nguo za jirani zilizokuwa kambani.

"Ni mabaki," alimwambia mkewe.

"Mabaki ya nini?"

"Ya jana."

"Gari la baba linatoa moshi wa jana?"

"Wewe unajua nini kuhusu magari?"

"Najua baba," alisema mkewe.

Tusimcheke bure. Kila mtu mjini angeuona moshi ule akasema: gari hili linakula oili. Mtu mmoja tu hakuweza kusema hivyo, naye ni yule aliyeamini kwamba moshi ni wake.

Akavaa suti. Suruali ya inchi thelathini na nane ilifungwa kwa msaada wa mkewe na ukuta. Akaendesha hadi dukani kwa baba mkwe, na alipofika, injini ilikuwa imechemka vizuri. Shangazi wa mkewe walikuwa wamekaa safu mbele ya mifuko ya saruji. Wateja walisimama. Baba mkwe akatoka na miwani yake ya kusomea.

"Baba," alisema Daktari, akishuka na kufungua mikono, "gari lako hili. Zima kama siku lilipozaliwa."

Baba mkwe akaingia upande wa dereva mwenyewe. Akakanyaga mafuta kwa mguu wa mtu aliyezoea kukanyaga wateja wa mikopo.

Bomba la moshi lilikuwa limeelekea mlangoni mwa duka. Wingu la buluu likaingia ndani lote, kama mgeni aliyeitwa kwa jina. Shangazi wakatoka wakikohoa, wamefunika nyuso kwa vilemba. Mteja mmoja, mtu mwema asiyependa kuchelewa, akapiga kelele, "Moto!" akanyakua ndoo ya maji ya kumwagia sakafu, akairusha kwenye moshi. Ndani ya moshi alikuwemo Daktari. Nyuma ya Daktari ulikuwepo mfuko wa saruji uliopasuka, ambao aliukalia kwa mshtuko.

Moshi ulipopungua, ukoo mzima ulimwona. Maziwa yalikuwa yamegeuka uji wa kijivu.

Baba mkwe akashuka taratibu. "Mwambieni huyu tunalirudisha gari sasa hivi," alisema. "Kabla suti haijaganda."

*

Walikwenda wawili, baba mkwe kaketi pembeni, Daktari kaendesha akiwa wima kama nguzo, maana kiuno kilikuwa kimeshaanza kukaza. Uani kwa mama walimkuta na kaka yake, wamekaa wanakunywa chai. Daktari akampita fundi cherehani bila salamu.

"Mama, umeniuzia gari bovu!"

"Mwanangu, kwani si nilikwambia? Kila wiki oili. Plagi nyeusi. Mlimani watu wanatukana. Gereji mbili. Nimefunga mdomo wapi?"

"Lakini halikuwa na moshi! Niliweka leso!"

"Halikuwa na moshi?" Baba mkwe aligeuka. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia uso kwa uso siku ile. "Kama halikuwa na moshi, huu umetoka wapi?"

Daktari akaanza kujibandua saruji mkononi. Majibu yote mawili aliyokuwa nayo yalimpeleka pabaya.

Mama akaingia ndani, akatoka na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Akampa baba mkwe. Mzee akavaa miwani ya kusomea, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na muhuri.

"Injini mahututi... linakula oili... nimelinunua hivyo hivyo, najua hali yake." Na chini yake, bei. Akaisoma mara mbili, akakumbuka bei aliyoambiwa yeye, akaikunja karatasi. "Hii sahihi yenye mkia ni ya nani?"

"...Yangu, baba."

"Kuna uongo wowote hapa?"

Fundi cherehani alikohoa kidogo kwenye kikombe.

"Hakuna, baba," alisema Daktari.

"Miaka yote unawaandikia watu vyeti vya uongo," mama alisema, bila kupandisha sauti. "Mmoja wao huyu kaka yangu. Baada ya wiki moja alikutana na gari lake barabarani, halina moshi, linaendeshwa na mtu mwingine, akarudi akalia hapa kwenye ngazi hii. Mimi nimetunza stoo ya vipuri kwenye karakana ya mabasi miaka ishirini na sita, mwanangu. Moshi ninaujua mpaka ukoo wake. Nilimwambia kila mnunuzi kwamba gari hili limekufa, wote wakakimbia. Nikabaki kumngoja mtu ambaye nikimwambia ukweli hataamini."

"Na ile leso nyeupe?"

"Oili nzito ya gia, ya malori. Ikiwa ya baridi inaziba kila kitu. Ikichemka inakuwa maji. Fundi yeyote angezungusha gari dakika kumi angejua. Tena nilikukaribisha tulizungushe. Ukasema nisilisumbue."

Fundi cherehani akashindwa kujizuia, chai ikamtoka puani.

Baba mkwe hakucheka. Alilizunguka gari, akapapasa viti, akafunga mlango na kusikiliza ule mlio wa kabati. "Mama, likifanyiwa hayo yaliyoandikwa humu, litapona?"

"Litatuzika sisi wote. Bodi nzima, gia nzima. Na hiyo gharama aliyoandika imepita ya gereji kwa kidogo tu. Alikuwa anabahatisha, lakini kabahatisha vizuri."

"Banda nilimwahidi fundi," mzee alisema. Akatoa ufunguo mfukoni. Daktari akanyoosha mkono, sehemu ya mkono iliyokuwa bado inakunjika. Ufunguo ukapita mbele yake, ukaenda kwa mama. "Fundi nimemwona. Huyu atakuwa wa kuosha vipuri. Ana uzoefu. Ringi na pistoni atanunua kwa ile nusu aliyonizidishia."

Mama aliupima ufunguo kiganjani, akauliza kuhusu sakafu ya banda na kama kuna maji, ndipo akakubali. Kisha akamtazama Daktari kutoka kichwani mpaka kiunoni.

"Na hicho cha shingoni," alisema, "lete."

Siku hizi ukipita nyuma ya duka la saruji utakuta banda lina foleni ya magari. Mama amekaa kwenye kigoda mlangoni, miwani ya uzi puani, kipimo cha moyo shingoni. Hukitumia kuwachekesha wateja tu; akitaka kujua injini, anaizungusha dakika kumi. Chini ya gari la kijani kuna miguu miwili imechomoza, na suruali ya kazi ya inchi arobaini na mbili, ambayo fundi cherehani ameishona kwa bei kamili.

Mgeni akifika na gari linalofuka, huuliza, "Jamani, daktari yuko wapi?"

Mkono wenye masizi hutokea chini ya gari, ukanyooka juu kabisa. Lakini watu wote huwa wanaonyesha kigodani.

"Kijiti kwanza," mama humwambia yule wa chini ya gari. "Futa, rudisha, halafu ndiyo usome. Ukisoma mara ya kwanza, mwanangu, unasoma uongo."